Mkia wa Samaki Ambao Sikupewa

Waliokuwepo ni hawa, na nitawataja kwa undugu wao tu. Majina yote ninayo kichwani, pamoja na majina ya baba zao, lakini wengi bado wanapumua, na binti yangu amenikataza kuyaandika.

Wa kwanza ni mi mwenyewe, mjane, niliyesoma kwa masista mpaka darasa la tatu. Wa pili ni mjukuu wangu, mtoto wa huyo binti yangu, aliyekuwa anauza unga Fungurume. Anabeba jina langu, nami ndiye niliyempokea mikononi siku aliyozaliwa. Wa tatu ni Madamu, mkubwa wa nyumba ya kupokelea wageni kule ziwani, aliyetumwa kutoka Kinshasa. Huyo hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Wa nne ni tata mlinzi wa lango; tata kwetu ni baba. Nkambo yake, ndiyo kusema babu yake, aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, yeye mwenyewe kazaliwa Kolwezi, na mke wake anasali kanisa moja nami. Wa tano ni mama muuza samaki, aliyekaa nje ya uzio na jiko lake. Tumezaliwa kijiji kimoja, mama yake aliwahi kuninyonyesha. Wa mwisho ni mama mmoja mgeni, mke wa mtu mkubwa wa mjini, aliyevaa miwani juu ya nywele badala ya kwenye macho. Wengine walikuja kula nyama ya kuchoma na kupiga picha.

Ziwa lenyewe si la Mungu. Ni mto uliozuiwa kwa ukuta, barazhi, ili mashine za shaba zipate umeme. Maji yalipopanda nilikuwa msichana, sijaolewa. Kijiji chetu kilikaa chini kule, na bado kinakaa. Miaka mingi hakuna aliyejali. Sasa watu wa Kolwezi wamepata magari na Jumapili za kupoteza, basi pale ukingoni wakajengewa vibanda vya majani, majiko ya nyama, mashua za injini, na nyumba ya vioo yenye meza kubwa katikati. Juu ya meza wamelitengeneza bonde letu kwa plasta, na vilima, na miti ya sifongo, na kioo cha bluu badala ya maji. Chini ya kioo hakuna nyumba hata moja. Nilipoiona mara ya kwanza nikauliza watu wamewaweka wapi. Madamu akasema hilo ndilo analolitafuta, mtu wa kuwaeleza wageni.

Hivyo ndivyo nilivyopata staji, ile kazi ya wanafunzi ya kujifunzia. Mjukuu wangu alikuwa anamaliza shule ya hoteli na utalii Kolwezi, na shule ikamtuma pale vakansi nzima, ile likizo ya miezi ya baridi na vumbi, ajifunze kupokea wageni. Alilala kwangu kwa sababu nyumba yangu iko karibu na ziwa. Madamu aliposikia kwamba nkambo wa stajieri wake amezaliwa chini ya kioo, akaniita. Lakini kazi yangu haikuwa na jina kwenye karatasi zake, basi akaniandika stajieri na mi pia. Akanivalisha jile, kile kikoti kisicho na mikono, cha rangi ya chungwa, chenye neno hilo mgongoni kwa herufi kubwa. Mi, mwenye vitukuu. Wachimbaji vijana waliokuja na pikipiki zao, kucha zimejaa udongo wa mashimo, walikuwa wananiuliza diploma yangu ikitoka nitamwachia nani.

Kwangu ile staji ilikuwa kicheko. Kwa mtoto haikuwa. Pointi zake zilikuwa mikononi mwa Madamu. Bila pointi hakuna diploma, mwaka unarudiwa, na mama yake alikwisha sema kwamba mwaka mwingine hauko. Angerudi Fungurume kupima unga mpaka aolewe na dereva wa lori. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, na yeye alilijua kuliko wote. Usiku alipiga pasi suruali yake kwa pasi ya makaa kama mtu anayekwenda kufungishwa ndoa.

Sasa nieleze jambo moja kwa wale ambao kwao halipo. Kwetu, mjukuu wa kike ni mke mwenza wa nkambo wake. Mume wangu alikuwa mume wake. Siku aliyozaliwa, mzee alimtazama mdomoni akasema, "Nimepata bibi mwingine, naye hana meno kama huyu wa kwanza." Tunaitana mupali, ndiyo kusema mke mwenza, na wake wenza hawapeani heshima, wanatukanana. Binti yangu hawezi kuniambia neno baya. Mkwe wangu hawezi hata kutafuna mbele yangu. Lakini mupali wangu ana ruhusa yote. Akinishinda kwa matusi, sharti langu ni kulia: nafunika kichwa, nalia kwa sauti, sinyamazi mpaka aniwekee mkononi kitu kutoka kwenye chakula chake mwenyewe, tena kile kibaya. Ukoko wa bukari, ugali wetu. Mkia wa samaki. Nikikila, yamekwisha, na zamu inayofuata ni yangu. Mjukuu asiyekutukana ni mjukuu aliyekwisha kukuzika.

Na huyu alijua kutukana. Nilimlea mwenyewe. Asubuhi, kabla sijafumbua jicho la pili, alikuwa anasimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Mupali, uko bado muzima? Mi nilisha kuagiza sanduku."

"Lala mwenyewe mu ile sanduku. Miguu yako mirefu itatokea inje, mbwa bapate kazi."

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana. Halafu tulivaa jile zetu, tukashuka pamoja hadi kwenye ile nyumba ya vioo, yeye mbele, mi nyuma, na mama muuza samaki alikuwa anatupigia kelele kutoka jikoni kwake kwamba bata na kifaranga wamefika, asijue tu nani ni nani.

Jumapili moja ile nyumba ya vioo ilijaa. Mi nilikuwa mezani, nakanyagisha kidole juu ya kioo: hapa nyumba ya fulani, pale kisima, hapa tata fulani aliyechechemea, pale mke wake aliyemchechemesha. Watu walicheka, wengine waliinama kutazama. Mjukuu wangu akaja na kundi lake la wageni, anawaeleza kwa Kifaransa mambo ya umeme. Alikuwa hajala tangu asubuhi, kwa hiyo alishika sahani ya samaki ambayo mama muuza samaki alimpa kupitia dirisha la upande wa uzio. Akakuta mgongo wangu umesimama mbele ya ule ukuta wa barazhi wa plasta.

"Mupali, sogea," akasema. "Unafunika barazhi."

"Barazhi bangeijenga mu kinywa yako, tungepumuzika."

Watu wa kwetu waliokuwa pale wakaanza kukusanyika, walijua kinachokuja. Mjukuu akaweka sahani ukingoni mwa meza. Akanyoosha mkono kunielekea, kama anavyoonyesha mitambo, na sauti yake ikawa ile ya kazi.

"Batata na bamama, muangalie huyu. Maji ilipanda, ikakula kijiji muzima. Ikakula mbuzi, ikakula kuku, ikakula makaburi. Ikafika ku mulango ya huyu mama. Ikamuangalia muzuri. Ikasema: huyu hapana, huyu atanichafua. Ikapita."

Sijawahi kushindwa vizuri namna ile. Mama muuza samaki alikuwa ameegemea dirisha, akajipiga mapaja mpaka kitambaa kikamvuka. Na nguvu ya tusi lile ni kwamba lilikuwa kweli. Katika nyumba ya baba yangu nimebaki mi peke yangu. Mdogo wangu wa kiume alirudi kufungua mbuzi siku ile maji yalipokuja, mbuzi wakatoka, yeye hakutoka. Mtoto alijua, nilimhadithia mwenyewe. Utani wetu hauzunguki kidonda, unakanyaga hapo hapo. Ndiyo maana unafaa.

Nikavuta jile nikafunika kichwa, nikalia. Nililia vizuri, kwa sauti ya matanga, mabega yanapanda na kushuka. Kwa upenyo wa jile niliona vidole vyake vinavunja mkia wa yule samaki, na mi nikaanza kutayarisha kiganja.

Yule mama mgeni akaingia katikati. Alinikumbatia kwa nguvu, manukato yake yakaniingia mpaka kooni, na kwa mkono mwingine akampiga mtoto kwenye kifundo cha mkono. Mkia ukaanguka sakafuni. Mmoja wa watoto wake akaukanyaga. Huku ananishika kichwa kifuani kwake, alikuwa anaita kwa Kifaransa mkubwa wa mahali pale aje haraka.

Madamu akaja. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu, basi akamwita tata mlinzi amwambie mtoto alisema nini. Tata mlinzi akatafsiri neno kwa neno, na hakukosea hata moja. Maji, mbuzi, makaburi, atanichafua. Kadiri alivyoendelea, ndivyo mkono wa Madamu ulivyopanda mdomoni. Nikatoa kichwa kwenye kifua cha yule mama, nikamwambia, "Tata, sema pia kama ni mupali yangu. Sema ni mambo ya batu ba nyumba moja." Kwao Kasai wajukuu wanafanya vilevile, mke wake amenihadithia jinsi binti zao wanavyomwita nkambo yao mchawi mzee, na mzee anacheka. Tata mlinzi alitazama viatu vyake, akasema kwa Kifaransa kitu kifupi.

Nilimuuliza mtoto baadaye mlinzi alisema nini. Kumbe alisema yeye hajui desturi za watu wa hapa.

Mwenzake wa lango alikuwa amefukuzwa kwa sababu ya kucheka mbele ya wageni, na watoto wa huyu wanakula kila siku. Naelewa. Lakini alizaliwa hapa, na nilikuwepo siku alipofunga ndoa.

Musidhani Madamu alikuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema yeye pia alilelewa na nkambo yake, na kwamba mahali anapoongoza yeye mzee hatalizwa. Akatoa hukumu palepale, wageni wanasikia: Jumapili inayofuata, mbele ya watu kama hawa, msichana atapiga magoti kuniomba msamaha. Akikataa, atampa sifuri, na mizigo yake aifunge.

Kesho yake nilimfuata ofisini. Nilienda na mtoto, kwa sababu nilitaka Madamu aone kwa macho. Alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaniletea chai yenye sukari nyingi, akanishika mikono. Nilimweleza yote, pole pole, kwa Kiswahili na kwa yale maneno ya Kifaransa niliyo nayo: mume mmoja, wake wawili, matusi, mkia wa samaki. Aliitikia kwa kichwa. Kila neno nililosema lilinifanya nizidi kuwa kikongwe machoni pake. Mwisho akasema ananielewa, mama ana moyo mkubwa, mama anamhurumia mtoto wake.

Basi nikaona nimwonyeshe. Niligeuka kwenye kile kiti nikamtazama mjukuu wangu, aliyesimama karibu na mlango, nikamwanzishia. Nilimwambia ana shingo ya bata aliyenyongwa mara mbili. Nilimwambia mume wetu alikufa mapema kwa sababu alisikia mlango unafunguka akadhani ni yeye anaingia. Lilikuwa tusi zuri, nililiwaza njia nzima. Nikangoja.

Mtoto alikuwa ameweka mikono nyuma, anatazama sakafu. Mi nilijua jibu limefika kwenye meno, nililiona. Akalimeza. Angewezaje kulitoa, wakati anayemtazama ndiye mwenye pointi zake?

Mchezo huu hauchezwi na mtu mmoja. Tusi langu likabaki hewani peke yake, na likawa tusi kweli. Madamu alivuta kiti chake akanikaribia, akamwambia mtoto kwa Kifaransa, na hiyo nilielewa: "Unaona uchungu uliomtia?"

Tulirudi nyumbani. Jioni, nikiwa nasonga bukari, mtoto akachuchumaa upande wa pili wa moto. Akaniita Nkambo. Tangu aanze kusema alikuwa hajaniita hivyo hata siku moja, isipokuwa mbele ya mapadri.

"Nkambo, nifanye nini?"

"Piga magoti."

"Nikipiga magoti, itakuwa nilikutukana kweli."

"Ndiyo."

"Na utanisamehe?"

"Nitakusamehe. Ndiyo ubaya yake."

Alielewa. Kwetu mtu haombi msamaha kwa utani. Akiomba, amesema mbele ya watu kwamba yale yalikuwa matusi, na aliyetukanwa akisamehe, amekubali. Baada ya hapo mchezo umekufa, haufufuki, hata mkiutaka wote wawili. Niliwahi kuona hilo kwa dada wa mama yangu na mjukuu wake. Waliishi nyumba moja mpaka mwisho kama mtu na mpangaji.

Ningeweza kumwambia afunge mizigo. Nimelifikiria hilo, na bado nalifikiria nikiwa napepeta. Lakini niliona kile kibanda cha unga Fungurume, na shingo yake ndefu nyeupe kwa vumbi, na dereva wa lori. Nikasonga bukari. Usiku ule hakunitukana kabla ya kulala, na mi sikumtukana.

Jumapili ikafika. Yule mama mwenye miwani juu ya nywele alirudi, amekuja na marafiki kutazama. Madamu alitukalisha karibu na meza, mi kwenye kiti, jile yangu imefuliwa. Mjukuu wangu akapiga magoti kwenye saruji, akapiga makofi yale ya heshima, viganja vimekunjwa, kama tunavyowapigia wafalme na wakwe. Alisema maneno kwa Kifaransa, ili wasikie. Halafu akayasema kwa Kiswahili, ili nisikie.

"Nkambo, nilikukosea heshima. Unisamehe."

Niliweka mkono kichwani pake. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya kwa siku ile. Nikasema nimesamehe. Watu wakapiga makofi, wengine walishika simu juu, na yule mama alijifuta macho, akaja kunibusu mashavu yote mawili. Tata mlinzi alikuwa mlangoni, naye akapiga makofi.

Mama muuza samaki hakupiga. Alikuwa dirishani palepale. Alipoona mkono wangu kichwani pa mtoto, aliinua jiko lake akaanza kuondoka, na saa ya wateja ilikuwa haijapita. Nilipotoka nilimkuta njiani, anamwaga makaa.

"Wee," akaniambia, "ulifiwa na bwana, ukalia. Leo umefiwa na mupali, na batu banakupigia makofi."

Mtoto alipata pointi nzuri kuliko stajieri wote wa shule yake. Madamu aliandika kwamba anajua kujirekebisha. Sasa anafanya kazi kwenye hoteli moja kubwa Kolwezi, anavaa viatu vinavyolia, na mama yake ameacha kupima unga.

Anakuja kuniona. Anapiga hodi. Anapiga magoti pale kizingitini, anauliza nimeamkaje, ananipa vitu kwa mikono miwili: sukari, vitenge, dawa ya magoti. Samaki anayeniletea ni wa katikati, mnono, amemtoa miiba. Majirani wananisifia mjukuu mwenye adabu. Niliwahi kumjaribu. Nilimwambia viatu vyake ni mashua mbili zinazotafuta abiria. Alivitazama, akasema, "Asante, Nkambo," na akavivua akavipanga nje.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Wale mliokuwepo pale mezani, mlio na macho mazuri kuliko yangu, kama nimekosea mahali, munirekebishe. Pengine mkia haukuanguka sakafuni, ulibaki sahanini. Pengine yule mama hakumpiga kwenye kifundo, alimshika tu. Mniambie, nitafuta.

Na wewe unayebeba jina langu, ukisoma hapa ukakuta nimekosea, usije kunirekebisha kwa magoti. Mlango hauna ufunguo. Ingia bila hodi, sema mi ni kikongwe muongo, kichwa changu kimeoza tangu maji ya kwanza. Nitafunika kichwa. Kiganja kiko tayari.